Viazi vya Kuwashusha Wasichana

Ilipofika saa kumi jioni, Wangui aliinjika sufuria ya chai kwenye stovu, akachukua beseni la viazi, akatoka nje kuwangoja wasichana. Viazi alikuwa amevichagua asubuhi: vya wastani, vilivyopanguswa udongo. Vikubwa mno havikuingia mifukoni, na vidogo vilidondoka kila mtu alipoinama. Mwanzoni watu walitumia mawe, lakini mawe yaliwaumiza wasichana mapajani, na mama mmoja akasema ni aibu mzazi kumjaza mwanawe mawe. Tangu hapo ikawa viazi, na Mweiga viazi si shida.

Walitokea upande wa mlima wa Nyandarua kama kawaida yao, wakipita kwa mstari juu ya mikaratusi ya jirani. Ng'ombe wa Wangui hakuinua hata kichwa. Hawa walikuwa Malkia wa Mweiga, timu ya voliboli iliyokufa kwenye ndege mwezi wa nne ikielekea Kisumu kucheza fainali. Walizikwa vizuri, kila mmoja nyumbani kwao, na wahubiri walisema maneno ya maana. Baada ya mazishi wakarudi. Hawakuwa na vitisho wala vilio. Walikuwa wepesi tu, wepesi kupita kiasi, na wasipotiwa uzito upepo uliwasukuma mpaka kwenye nyaya za stima. Mji ulipokosa stima kwa mara nyingine, fundi mmoja alikuja kuwaomba wazazi, kwa upole, wawe wanawashusha mapema.

Kwa hiyo akina mama walikuja kila jioni na viondo vyao. Mama alisimama chini ya mwanawe, akamvuta kwa kamba ya kiatu, akamtia viazi kwenye mifuko ya traksuti mpaka miguu ikagusa nyasi. Hapo wakakumbatiana, wakanywa chai, wakaongea habari za mahindi na nani ameolewa. Ng'ombe walipomaliza kukamuliwa, wasichana walirudisha viazi, maana vilikuwa vya kupikwa, wakapanda tena. Kwa nini walichagua boma la Wangui na si uwanja wao wa mazoezi, hakuna aliyeuliza. Wangui alikuwa mlezi wa timu, na watu waliona ni jambo la kawaida.

Aliyekuwa hashuki ni Lynn, binti yake mwenyewe.

Wangui alimpandia kwa ngazi iliyoegemezwa kwenye paa la zizi. Alimtia viazi mifukoni, kwenye kofia ya traksuti, ndani ya soksi. Alimvika kiondo kizima shingoni. Lynn alitulia pale pale juu, mikono imenyooshwa, kama mtu anayepimwa nguo na fundi.

"Hazijashika, Mum," alisema.

"Ngoja niongeze."

"Ongeza tu. Lakini hazitashika."

Akina mama wengine walisema ni kwa sababu Lynn alikuwa mwembamba tangu utotoni. Wangui aliitikia kwamba ni kweli, mtoto huyu alikuwa hali vizuri. Lakini alijua sababu, na ilimkaa kifuani tangu anapoamka hadi anapolala. Ilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya chakula cha ng'ombe: mtungi wa plastiki wa rangi ya njano, umejaa hadi shingoni.

Mambo yalianzia kwenye samaki. Mwaka uliotangulia, timu ya Kisumu ilikuja kucheza Mweiga ikaleta boksi kubwa la samaki na barafu. Watu walikula wakashiba, hata wale waliokuwa wameapa kwamba samaki si chakula. Boksi likabaki kwa Wangui. Sasa watu wa huku wana tabia moja ambayo hakuna anayefundishwa: chombo kilichokuja na kitu hakirudi kwa mwenyewe kikiwa kitupu. Ukiletewa maharagwe kwenye kiondo, kiondo kitarudi na mayai, au sukari, au hata ndizi mbili. Boksi lile lilikaa pembeni mwa sebule ya Wangui miezi yote hiyo, na kila alipolipita aliona deni.

Kisha akaja Theuri. Theuri alikuwa na machimbo ya mawe na maduka ya vifaa vya ujenzi, na alikuwa ameamua kuwa mbunge. Watu walikuwa wameshaanza kumwita Mheshimiwa ili kumpunguzia kazi. Alikuwa pia na ndege moja ya mtumba na kiwanja chake mwenyewe cha nyasi, shambani kwake nje ya mji. Alisema timu haitaenda Kisumu kwa barabara na kufika imechoka. Itapanda ndege, bure, na kila msichana atapewa traksuti mpya. Traksuti zilikuja na jina la Theuri mgongoni, kubwa kuliko la timu, na hakuna aliyelalamika. Hakuna timu ya Mweiga iliyowahi kupanda ndege.

Asubuhi ya safari, nusu ya mji ilikuwa kiwanjani. Boksi la samaki lilikuwa limejazwa viazi. Juu ya hilo, kila mama alikuwa ameleta gunia lake, kwa sababu hakuna aliyetaka isemwe kwamba yeye ndiye hakuleta. Kepteni Ben, aliyerusha ndege hiyo, alilizunguka rundo lile akajikuna shingo.

"Mama Lynn, hii mzigo ni mingi sana," alisema. "Tubebe hiyo box peke yake. Hizo gunia tuache."

"Tuache?" Wangui alisema. "Kepteni, hao watu walituletea samaki mpaka mlangoni. Sasa twende kwao mikono mitupu, waseme watu wa Mweiga ni watu wa aina gani? Afadhali mimi nibaki. Weka gunia kwa kiti yangu."

Akina mama walipiga makofi. Theuri, aliyekuwa akipigwa picha mlangoni mwa ndege, aligeuka kuona makofi ni ya nani.

"Ben, si upunguze mafuta?" alisema. "Kisumu ni hapo tu."

"Mheshimiwa, nikipunguza sitakuwa na ya kuzunguka mlima. Itabidi nipite juu yake, moja kwa moja."

"Basi pita juu. Kwani hiyo si ndege?"

Watu walicheka. Wangui alicheka kuliko wote, na kicheko hicho ndicho alichokuja kukikumbuka kuliko kitu kingine chochote cha siku hiyo, kuliko hata sura ya Lynn dirishani. Kepteni Ben alitazama mawingu yaliyokuwa yamelalia Nyandarua, kisha akamtazama mwenye ndege. Angeweza kukataa. Alisema sawa. Mafuta yalipofyonzwa kwa mpira, Wangui ndiye aliyeshika mtungi usianguke, na ulipojaa Theuri akamwambia aende nao nyumbani, maana mafuta ya ndege hupika vizuri kuliko mafuta ya taa na hayana moshi. Aliubeba kwa bodaboda, ameukumbatia. Alikuwa amewasha stovu kwa mafuta hayo hayo, na chai haijachemka, simu ilipolia.

Walipatikana juu kwenye nyasi za mlimani. Askari wa mbuga waliosaidia kuwatoa walisema viazi vilitapakaa kila mahali, na mvua iliponyesha vikachipua.

Mafuta yale Wangui hakuyamwaga. Angeyamwaga wapi? Alipika nayo chai ya matanga, akapika nayo chai ya wasichana waliporudi, na mtungi haukupungua hata kidogo. Hakuona ajabu. Mafuta ya safari ambayo haijaisha hayawezi kuisha. Alijua pia kwamba wasichana hawakuja kwake kwa ajili ya ulezi wake. Walikuja kwa kilicho chao kule stoo, na kwa adabu waliyolelewa nayo hawakukiuliza. Jambo hilo lilimuuma kuliko kama wangemtukana.

Kepteni Ben naye alikuja, ila hakushuka. Alikaa juu ya nguzo ya stima nje ya lango, kofia magotini. Hakuwa na mtu wa kumletea viazi, na hata angekuwa naye nadhani asingevipokea. Siku moja Wangui alimsogelea na kikombe cha chai.

"Kepteni, kunywa hata kidogo."

"Ningekataa, Mama Lynn," Kepteni alisema. Hilo ndilo neno alilokuwa akilirudia tangu arudi. "Ningekataa tu."

"Mimi ndio nilisema gunia zisiachwe."

"Wewe si rubani."

Wangui alikinywa kile kikombe mwenyewe, amesimama pale chini ya nguzo. Aliona aibu kufarijiwa na mtu ambaye yeye Wangui alikuwa amemuua.

Kufikia mwezi wa nane, Lynn hakuwa tena usawa wa paa la zizi. Alikuwa amefika kwenye matawi ya chini ya mikaratusi, halafu ya katikati. Wangui alinunua ngazi ndefu zaidi. Akiwa kwenye kidato cha juu kabisa, aliweza kugusa unyayo wa mtoto wake kwa ncha za vidole, na alijua kwamba mvua za vuli zikija na upepo wake, hata hilo halitakuwepo.

Ndipo ikatangazwa kwamba kamati ya uchunguzi ingekaa Nyeri kusikiliza chanzo cha ajali. Theuri alifika kwa Wangui kabla tangazo halijakauka kwenye redio. Alileta unga na sukari na mafuta ya kupikia, akaviweka mezani, akakaa. Yeye baada ya ajali hakuwa amepatwa na chochote, hata mafua.

"Mama Lynn, hii kitu ilikuwa ukungu," alisema. "Mungu ndiye huleta ukungu. Tukianza ati nani alisema nini, tutaumiza wazazi bure. Na wewe hasa. Hao akina mama wakijua ulishika mtungi, watakuangalia aje?"

Ndicho Wangui alichokuwa akijiuliza kila siku. Akina mama hao walimwita dada. Walimletea maziwa alipougua.

Theuri alichungulia dirishani. Wasichana walikuwa wameshuka, wanakunywa chai, migongo imeelekea nyumba.

"Na hizo traksuti," alisema, "hawawezi kuwa wanabadilisha? Wanapita nazo juu ya barabara kubwa."

"Walizikwa na nguo zingine, Mheshimiwa. Hizo ndio walirudi nazo."

"Basi wavae sweta juu," Theuri alisema, akaaga.

Siku ya kamati, Wangui alienda Nyeri na mtungi mapajani. Miguuni alikuwa ameweka kiondo cha viazi, kwa mazoea tu. Wasichana walimfuata, na kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyekuwa nyumbani kuwashusha, waliingia ukumbini vivyo hivyo na kujipanga chini ya dari. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mstaafu mwenye miwani shingoni, aliomba madirisha yafungwe wasije wakapeperushwa barabarani. Kisha akaendelea.

Wangui alisimama, ameukumbatia mtungi. Alisema yote. Alisema habari za boksi na samaki, na magunia, na kiti chake. Alisema Kepteni alitaka kuacha mzigo na yeye akakataa, na Mheshimiwa akasema mafuta yapunguzwe, na Kepteni akasema bila mafuta hayo hataweza kuzunguka mlima. "Tukacheka," alisema. "Mimi nilicheka sana. Halafu nikashika mtungi. Ndio huu. Nimekuwa nikipikia hao watoto chai na mafuta yao."

Hakuthubutu kugeuka. Alisikia kiti kikisukumwa nyuma yake, na sauti ya Wachuka, ambaye binti yake ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote kwenye timu.

"Hata mimi nilicheka," Wachuka alisema. "Na gunia yangu ndio ilikuwa kubwa."

Mwenyekiti aliuliza kama kuna yeyote kati yao aliyesomea mambo ya ndege. Hakuna. Aliuliza itajulikanaje kwamba mafuta yale yalitoka kwenye ndege, na iweje yawe mengi vile ilhali shahidi anasema ameyatumia tangu mwezi wa nne. Wangui alieleza kwamba hayapungui. Walimletea ndoo, akamimina mpaka ndoo ikafurika, na mtungi ukabaki umejaa. Wanakamati walisogeleana, wakanong'ona. Mwenyekiti akasema kwamba kitu kisichopungua hakipimiki, na kamati haiwezi kupokea kisichopimika. Aliagiza ndoo iondolewe kwa sababu ya harufu.

Kepteni Ben, aliyekuwa karibu na taa, aliinua mkono. Aliambiwa kwamba marubani watasikilizwa baada ya chai. Baada ya chai, kikao kilifungwa.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, akina mama walimpita Wangui mmoja mmoja. Wengine walimshika mkono. Wengine walitazama pembeni, na hakuwalaumu. Lynn alikuwa amefuata nyuma yake, na alikuwa chini kuliko alivyokuwa tangu kufa kwake, nyayo zake usawa wa mabega ya watu. Wangui aliinua mkono akamtia kiazi kimoja mfukoni, halafu kingine. Alitia hadi kiondo kikabaki nusu.

"Zimeshika, Mum," Lynn alisema, na viatu vyake vikakanyaga simiti.

Wangui alimkumbatia pale pale, watu wakiwazunguka kwenda zao. Alikuwa na harufu ya nyasi za mlimani na ya sabuni ile ile ya zamani. Alilia mpaka kilemba kikalegea, na Lynn akamfungia upya.

Ripoti ilitoka mwezi wa kumi. Ilisema ni ukungu.

Kwa muda, maisha ya Wangui yalikuwa mazuri kuliko alivyostahili, na alijua hivyo. Lynn hakurudisha viazi kila jioni kama wenzake. Alikaa navyo. Alikata majani ya nepia ya ng'ombe, alikorofishana na mama yake kuhusu chumvi, alilala kwenye kitanda chake na viazi vyake mifukoni. Wachuka aliendelea kuja, ingawa baadhi ya akina mama walihamia kuwangojea wasichana wao kanisani. Mtungi ulirudi stoo.

Kisha Theuri akanunua ndege nyingine, na kwa kuwa kura za Naro Moru zilikuwa bado hazijampendeza, akaahidi kuipeleka timu ya wavulana ya huko mashindanoni Kakamega. Habari hizo Wangui alizipata kanisani, kwenye matangazo, zikifuatwa na makofi.

Alikwenda kiwanjani na Lynn, na wale wengine wakawafuata juu kwa juu. Ndege ilikuwa iondoke asubuhi, lakini wapiga picha wa Theuri walitaka jua la jioni, kwa hiyo watu wote walisubiri, na mawingu yakapata nafasi ya kukusanyika juu ya mlima. Magunia yalikuwa yamepangwa kando ya ndege, ya viazi na ya kabeji. Mlezi wa timu alikuwa mama mmoja mchangamfu aliyeitwa Wacera. Mwanawe, Kinyua, ndiye aliyekuwa golikipa.

"Mama Kinyua," Wangui alimwambia, "acheni hizo gunia. Nakuomba. Mimi ndio mama ya huyu." Akamwonyesha Lynn.

Wacera alimsalimu Lynn kwa mkono, akamwambia pole. Alikuwa na huruma ya kweli machoni.

"Tulisikia, Mama Lynn. Tulilia na nyinyi. Lakini si walisema hiyo ilikuwa ukungu?"

"Haikuwa ukungu. Ilikuwa mimi, na gunia, na yule pale."

Theuri aliwapungia mkono kutoka mlangoni mwa ndege.

"Sawa," Wacera alisema polepole. "Lakini wale watu wa Kakamega walitulisha siku tatu mwaka jana. Sasa twende kwao mikono mitupu?"

Wangui alimfahamu mwanamke huyu kuliko alivyojifahamu mwenyewe. Rubani mpya, kijana aliyeitwa Kim, alikuwa akilizunguka rundo la magunia akijikuna shingo. Theuri akamwambia neno. Watu wakacheka. Baada ya muda mpira ukaletwa, na Wacera akainama kushika mtungi usianguke.

Lynn alikuwa akitazama yote hayo, mikono mifukoni. Alitoa kiazi, akakiangusha kwenye nyasi. Akatoa kingine.

"Lynn, unafanya nini?"

"Wacha nitangulie, Mum."

"Wapi?"

"Huko juu. Wakifika watakuwa hawaelewi kitu. Sisi hatukuwa na mtu wa kutungoja."

Wangui alimshika mkono wa traksuti. Alishika kwa nguvu zote, na viazi viliendelea kuanguka, na kitambaa kikaanza kumvuta kwenda juu. Alitaka kusema asiende. Alitaka kusema kwamba wavulana hao si wao, kila mzazi na wake. Aliona kwamba ndiyo maneno aliyokuwa akiishi nayo siku zote, akaona haya, akaachilia. Lynn alipanda taratibu, akapita juu ya kofia za watu, akaungana na wenzake waliokuwa wameshaanza kuelekea Nyandarua. Kepteni Ben alikuwa mbele yao.

Ndege ilikimbia sana kwenye nyasi kabla ya kuinuka. Ilipoinuka, watu wote walipiga makofi, na Wacera alipunga mkono mmoja, mwingine ukiwa umekumbatia mtungi.

Wangui alipiga magoti, akaokota viazi kimoja kimoja, akavipangusa kwa sketi, akavitia kwenye kiondo. Alipomaliza alimwendea Wacera, akampa.

"Shika hizi, Mama Kinyua."

"Ni za nini?"

"Weka tu. Utazihitaji."

Wacera alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Hakuuliza tena. Alitua mtungi chini, akapokea kiondo kwa mikono miwili, akashukuru.

"Kiondo yako nitarudisha, Mama Lynn," alisema. "Na haitarudi tupu."